Kuchagua Usukani wa Chombo cha Anga

Tangu tulipofungua shule muhula huu, wenzangu wa bwenini wameniuliza mara nyingi swali moja: kati ya vifaa vinavyouzwa madukani kwa ajili ya michezo ya kompyuta ya kurusha vyombo vya anga, kipi ni bora kuliko vyote? Wengine huuliza kwa sababu nyumbani kwao mna kompyuta. Wengine huuliza kwa sababu walisikia ya kuwa nilizunguka Kariakoo siku mbili nzima nikitafuta kifaa kimoja tu. Nimeona afadhali niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, na pengine wazazi nao wakisoma watapata la kuwasaidia siku mtoto atakapowaomba fedha za kununulia kitu cha namna hii.

Jibu langu ni fupi, lakini sababu zake ni ndefu. Hakuna kifaa kilicho bora kwa watu wote. Usukani huchaguliwa kwa mambo mawili: chombo utakachokiongoza, na mkono utakaoushika. Mwenye kuyajua mambo hayo mawili hadanganywi na rangi, wala na sanduku, wala na maneno matamu ya dukani.

Kwanza nieleze michezo ninayoisema, maana si ile ya kupigana wala ya mpira. Uko mchezo uitwao Orbiter, uliotungwa na Martin Schweiger na kutolewa bure mwaka 2000. Uko Kerbal Space Program, uliokamilika mwaka 2015. Uko na Elite Dangerous wa mwaka 2014, lakini huo unataka kompyuta yenye nguvu na intaneti, kwa hiyo sisi wa kompyuta za zamani hutuwii rahisi. Katika michezo miwili ya kwanza chombo hufuata kanuni zile zile tunazofundishwa katika fizikia. Ukikisukuma kikaanza kwenda, kinaendelea kwenda. Hakuna breki, wala hakuna maji au upepo wa kukipunguza kasi. Ukitaka kisimame, hapana budi ukisukume upande wa pili kwa kadiri ile ile. Hapo Kanuni ya Kwanza ya Newton si maneno ya kukariri kwa ajili ya mtihani, ukiisahau unagonga.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa zito kwangu. Nyumbani kwetu ni Kigamboni. Baba ni mvuvi, na samaki wake huteremshwa ng'ambo ya pili, Magogoni, katika soko la Feri. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 12. Mkono wake wa kushoto ni dhaifu tangu kuzaliwa; vidole vyake havikazi kitu, na kidole gumba hakinyanyuki sawasawa. Mkono wake wa kulia ni mzima, na kichwani hana upungufu wowote. Hesabu za darasa lake huzimaliza kabla ya wenzake. Tangu alipoona picha za roketi katika kompyuta kuukuu aliyotupa mjomba, ilikuwa ni roketi asubuhi na roketi jioni.

Karibu na kwetu kuna kibanda cha gemu ambapo watoto hulipia mchezo mmoja mmoja. Huko hutumiwa padi, kile kifaa kinachoshikwa kwa mikono miwili na kuendeshwa kwa vidole gumba vyote viwili. Mdogo wangu alilipa kama wenzake, akafungwa upesi, wakacheka. Mwenye kibanda akamwambia asirudi tena, kwa kuwa anawachelewesha wateja. Aliporudi nyumbani hakulia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini watu waliotengeneza padi walidhani ya kuwa kila mtu ana vidole gumba viwili. Swali hilo ndilo lililonituma Kariakoo.

Fedha nilizokuwa nazo ni shilingi 110,000. Nilizipata katika likizo ya mwezi wa Juni kwa kumsaidia mjomba wangu, ambaye ana fremu ya nguo katika Mtaa wa Kongo. Kazi yangu ilikuwa kubeba marobota na kupanga mali. Baba alitaka fedha zote ziwe za vitabu vya marudio, maana mtihani wetu wa taifa ni mwezi wa Novemba. Mama akatupatanisha: shilingi 30,000 za vitabu, na 80,000 za kifaa. Baba akakubali kwa sharti moja. Akaniambia, "Mwanangu, ukileta kitu kikalala uvunguni mwa kitanda, usiniombe tena jambo la namna hii, si kwa ajili yako wala kwa ajili ya mdogo wako." Basi nilijua ya kuwa nina nafasi moja tu.

Kabla ya kwenda dukani nilikaa na mdogo wangu tukahesabu kazi za usukani, na ninawashauri wenzangu wafanye hivyo hivyo. Gari lina kazi mbili: kasi, na kukata kushoto au kulia. Ngalawa nayo, ukiacha tanga, ina kazi ya kana, yaani kuipeleka huku au huku. Ndege imezidi: pua huinuka na kuinama, mabawa hulala ubavu huu au ule, pua hugeuka kushoto na kulia, tena iko kasi. Lakini chombo cha anga kina kazi sita. Tatu ni za kugeuka: kuinua na kuinamisha pua, kubiringika, na kugeuza pua kushoto na kulia. Tatu ni za kuteleza bila kugeuka: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kila kazi ina njia mbili, kwa hiyo amri zote ni 12. Ndiyo sababu katika Kerbal Space Program vitufe 12 vya kibodi vimetengwa kwa kazi hizo peke yake.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa mbali. La, hata pwani yetu imeyashiriki. Mapema katika miaka ya 1960 Wamarekani walijenga kituo Tunguu, kisiwani Unguja, kwa ajili ya vyombo vyao vilivyoitwa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa 4 na dakika 55, na kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye alipokuwa akipita juu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Na upande wa Kenya, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi.

Habari ya Glenn inatufaa sana katika shauri hili la usukani. Chombo chake kilipokuwa katika mzunguko hakikuwa na njia ya kuteleza huku na huku. Rubani aliweza kukigeuza tu. Kwa hiyo wahandisi walimpa mpini mmoja, wa mkono wa kulia. Akiusukuma mbele au nyuma, pua iliinama au kuinuka. Akiulaza pembeni, chombo kilibiringika. Akiuzungusha mahali pake, kama mtu afunguaye kifuniko cha chupa, pua iligeuka kushoto au kulia. Kazi tatu, mkono mmoja. Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza mtambo wa kujiongoza ulianza kuleta matata, na Glenn akakiongoza chombo kwa mkono wake kwa sehemu kubwa ya safari iliyobaki. Akafika salama.

Baadaye vikaja vyombo vilivyopaswa kukutana na kuungana angani, na mpini mmoja haukutosha tena. Katika vyombo vya Apollo rubani aligeuza chombo kwa mkono wa kulia, na kukitelezesha kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2020 Doug Hurley na Bob Behnken walisafiri katika chombo kiitwacho Dragon, ambacho hakina mipini kabisa. Walikiongoza kwa kugusa kioo. Basi tazameni, wasomaji: wale waliokuwa na fedha za taifa zima na wahandisi maelfu hawakuchagua usukani mmoja kwa vyombo vyote. Kila chombo walikipa kinachokifaa.

Sasa nije katika vifaa vyenyewe.

Cha kwanza ni kibodi ya kompyuta, ambayo mwenye kompyuta anayo tayari bila ya kulipa hata senti. Ina vitufe vya kutosha amri zote 12. Aibu yake ni kwamba kitufe hakijui kidogo na kingi: ama umekibonyeza ama hukukibonyeza. Mtu mwenye subira hujifunza kukigusa kidogo kidogo. Kampuni ya SpaceX ilitoa mwaka 2020 mchezo mdogo wa bure wa kukiunganisha chombo cha Dragon na kituo cha anga, na mtu anaweza kuumaliza kwa kibodi peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na fedha asinung'unike, aanze hapo.

Cha pili ni padi. Ni rahisi kupatikana, haina nafasi kubwa, na kwa mtu mwenye vidole gumba viwili vyenye nguvu inafaa michezo ya kila namna. Vijiti vyake viwili vina njia nne, na vifyatuo viwili vya mbele huweza kusaidia. Lakini vijiti hivyo ni vifupi mno, na mkono unaotetemeka kidogo hugeuza chombo kingi. Tena zikichakaa, nyingi huanza kujiendesha zenyewe: hujagusa kitu, nacho chombo kinakata kona. Sababu yake ni kwamba ndani mna kipande kinachosuguana na kingine kila unapokisogeza kijiti, na msuguano hula. Ziko zinazopima kwa sumaku, bila ya vitu kusuguana. Hizo hudumu zaidi.

Cha tatu ni joistiki, yaani mpini unaosimama juu ya kitako. Nyingine huenda mbele, nyuma na pembeni tu. Nyingine, na hizi ndizo zinazotufaa, huzungushwa pia mahali pake, sawasawa na mpini wa Glenn. Mathalani Logitech Extreme 3D Pro ina mzunguko huo, ina vitufe 12, na wenzo mdogo wa kasi kwenye kitako. Umbo lake ni la mkono wa kulia. Thrustmaster T.16000M nayo huzunguka, hupima kwa sumaku, na vipande vyake vinaweza kupangwa upya ili ifae mkono wa kulia au wa kushoto. Mwenzetu anayetumia mkono wa kushoto akumbuke jina hilo.

Cha nne ni seti ya vifaa viwili, mpini kwa mkono mmoja na wenzo mkubwa wa kasi kwa mkono wa pili, au mipini miwili kama ya Apollo. Kwa mtu mwenye mikono miwili na fedha nyingi, hii ndiyo inayokaribia kazi zote sita kwa wakati mmoja. Kwetu sisi ilikuwa haifai kwa sababu mbili, na msomaji anazijua.

Baada ya kuhesabu hivyo, tulijua tunachokitafuta: joistiki ya mkono wa kulia, inayozunguka, isiyozidi shilingi 80,000.

Siku ya kwanza nilikwenda peke yangu. Nilivuka kwa pantoni mpaka Magogoni, nikapita sokoni Feri kumwamkia Baba, nikatembea kwa miguu hadi Mnazi Mmoja, na kutoka hapo nikashika Mtaa wa Uhuru mpaka Kariakoo. Atakaye kununua Kariakoo na aende asubuhi, kabla msongamano haujawa mkubwa na kabla wauzaji hawajachoka kuulizwa.

Duka la kwanza lilikuwa na padi katika sanduku zuri lenye picha ya roketi. Muuzaji aliniambia ya kuwa ni padi ya anga hasa, bei yake shilingi 45,000. Hatua chache mbele niliikuta padi ile ile, vitufe vile vile, katika mfuko wa nailoni, kwa shilingi 20,000. Ile 25,000 ilikuwa bei ya picha.

Duka la pili muuzaji alinitolea usukani wa gari, wa duara, pamoja na vikanyagio vyake. Nikamwambia, "Kaka, mimi nataka wa chombo cha anga." Akacheka, akasema, "Usukani ni usukani tu, mdogo wangu. Huko juu nako si utakata kona?" Sikuona sababu ya kubishana naye, nilimshukuru nikaenda zangu. Kama nisingekuwa nimehesabu kazi sita nyumbani, pengine maneno yake yangeniingia.

Duka la tatu lilikuwa na joistiki mpya, kubwa, yenye taa za rangi tatu. Niliposhika mpini uliowekwa kwa maonyesho nikajaribu kuuzungusha, haukuzunguka. Nikauliza kama naweza kuijaribu nyingine katika kompyuta, nikajibiwa, "Ukifungua sanduku, umenunua." Nikaliacha sanduku limefungwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ile niliona vingi vikijitembeza.

Siku ya pili nilimchukua mdogo wangu, maana mkono utakaoushika usukani ulikuwa wake, wala haukuwa wangu. Mjomba alituazima kompyuta yake ya mkononi na kutuelekeza kwa fundi mmoja mwenye fremu ndogo ghorofani, anayetengeneza kompyuta zilizokwishatumika. Huko kwenye rafu, kati ya nyaya na vioo vilivyopasuka, palikuwa na Logitech Extreme 3D Pro kuukuu, imejaa vumbi. Fundi alitaka shilingi 90,000.

Tulipomwamkia na kumweleza haja yetu, yule fundi alifanya jambo ambalo sitalisahau. Hakumtazama mdogo wangu mkono. Alimwuliza tu, "Unashika kwa upi?" Alipojibiwa wa kulia, akaondoa vitu vyake mezani, akaweka kifaa mahali ambapo mkono wa mtoto ungefika, akavuta kiti. Kisha akanyamaza akangoja.

Tuliunganisha waya na kompyuta, tukafungua dirisha la kupimia vifaa vya mchezo, ambalo limo ndani ya Windows. Hapo huonekana alama ndogo ya msalaba inayofuata mpini. Tulipima mambo matano. La kwanza, mpini ukiachwa, je, alama inarudi katikati na kutulia? La pili, je, inafika pembe zote nne? La tatu, ukizungusha mpini polepole, je, mstari wa mzunguko unasogea polepole vile vile, au unaruka? La nne, vitufe vyote vinaitika? La tano, na hili kompyuta haiwezi kulipima, je, vidole vya mwenye kutumia vinafika kila mahali bila kuachia mpini?

Mambo manne yalikuwa mema. La tatu lilikuwa na kasoro: mstari wa mzunguko ulitetemeka. Fundi akafungua kitako mbele yetu, akasafisha ndani kwa spiriti, akafunga, tukapima tena, mtetemeko ukaisha. Tukaanza mazungumzo ya bei. Kwa kuwa kifaa kilikuwa kimetumika, na kwa kuwa mjomba alikuwa amempigia simu, tulifika shilingi 65,000, pamoja na karatasi ya malipo na ahadi ya maandishi ya wiki moja. Fedha zilizobaki, shilingi 15,000, tulizirudisha nyumbani.

Nyumbani yalitokea mambo mawili ambayo sanduku halielezi. La kwanza, kitako cha joistiki kilikuwa kikiteleza mezani, kwa sababu mtu mwenye mikono miwili hukizuia kwa mkono wa pili, na mdogo wangu hawezi kukizuia. Baba, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akikitazama kifaa kwa mbali, alileta kipande cha ubao kilichobaki katika matengenezo ya mashua, akakifunga kitako juu yake kwa kamba ya kuvulia, akaubana ubao mezani. Tangu hapo hakijatikisika. La pili, wenzo wa kasi uko kwenye kitako, na vidole vyake vya kushoto haviwezi kuushika. Lakini aligundua mwenyewe ya kuwa anaweza kuusukuma kwa kiganja.

Palibaki tatizo la kazi tatu za kuteleza. Katika Orbiter kuna kitufe kimoja kinachobadili kazi ya vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kulia wa kibodi: mara vinageuza chombo, mara vinakitelezesha. Basi mdogo wangu hugeuza kwa mpini, huuachia, hupeleka mkono ule ule kwenye vitufe vya tarakimu, huteleza kidogo, kisha hurudi kwenye mpini. Mimi nilikuwa na wasiwasi ya kuwa atachelewa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Akaniambia, "Kaka, si umesema hakuna upepo? Nikikiacha kimetulia, kitabaki kimetulia. Kitaningoja."

Nililifikiri neno hilo usiku kucha. Katika mchezo wa mpira wa kibandani hakuna anayekungoja. Mwenye mikono miwili atakufunga kabla hujahamisha kidole. Lakini chombo cha anga kilichotulizwa vizuri hudumu katika hali yake mpaka mkono urudi. Ile kanuni ya Newton, ambayo wengi wetu tunaiona ngumu, ndiyo iliyompa mdogo wangu mchezo anaoweza kushindana na mtu yeyote duniani. Ndipo nilipofahamu kwa nini usukani uliomfaa ulikuwa wa namna ile: ulilingana na chombo, na ulilingana na mkono.

Jioni ya tisa aliunganisha chombo na kituo kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa ameketi nyuma yake. Alipoona chombo kinakaribia polepole, na mtoto akisukuma nyuma mapema ili kupunguza mwendo, akasema, "Kumbe ni kama kuingia Feri maji yakijaa. Mwenye kungoja mpaka aone ukuta, amekwisha kugonga." Kisha akaomba naye ajaribu. Akagonga kituo mara tatu, tukacheka sote, naye akacheka zaidi yetu. Tangu siku ile hakusema tena habari za kitu kulala uvunguni.

Wavulana wawili wa kule kibandani wamekuja nyumbani kuomba kujaribu, na mdogo wangu amewapa zamu kama watu wengine, akawaonyesha jinsi ya kutuliza chombo kwanza. Kibandani bado hachezi, na padi za huko ni zile zile. Lakini sasa katika mtaa wetu kuna jambo moja ambalo watu huja kwake kuliuliza.

Nisije nikaonekana nawashawishi wenzangu waache masomo. Nyumbani tuna saa moja tu ya mchezo, Jumamosi na Jumapili, baada ya kazi za shule na kama umeme wa LUKU unatosha. Mimi mwenyewe niko bwenini, na vitabu vya zile shilingi 30,000 viko mezani kwangu. Habari za mdogo wangu nazipata kwa simu ya mama wakati wa likizo fupi na siku za kutembelewa.

Kwa kumaliza, haya ndiyo mashauri yangu kwa atakaye kununua. Hesabu kazi za chombo kabla ya kuhesabu fedha. Mchukue dukani mwenye mkono utakaotumia, hata kama ni mtoto. Usinunue kitu ambacho muuzaji hakubali kipimwe. Usidharau kitu kilichokwishatumika, ukipima ukakiona kizima. Na kama huna fedha, anza na kibodi, maana ustadi uko kwa mtu kabla ya kuwa katika kifaa. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, lakini nyenzo njema ni ile inayomfaa mwenye kuishika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne